Nimenunua gitaa la marehemu kwa bei ya kutupa, sasa roho inanisuta

Hujambo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa hisabati, umri miaka 38, naishi Kondele hapa Kisumu na mke wangu na watoto wawili. Katikati ya wiki nafunza, Jumapili napiga besi kanisani, na mara moja moja bendi ya benga ikipungukiwa na mtu Jumamosi usiku, huniita. Sijawahi kuishi kwa muziki na sina mpango huo. Lakini ugonjwa wangu wa magitaa ya besi, Mjomba, haujapata dawa. Ninayo matatu. La kwanza nililinunua nikiwa chuoni. La pili nimelibadilisha mpaka aliyelitengeneza akiliona atalipita: pikapu mpya ya kunasa sauti, daraja zito la kushikilia nyuzi, kisanduku cha kuongeza nguvu chenye betri ya volti 9, na rangi ya kijani niliyoipuliza mwenyewe uani, watoto wakapiga chafya wiki nzima. Usiku wenzangu wakitazama mpira, mimi natazama picha za magitaa ya zamani.

La tatu ndilo lililonikalisha kuandika.

Mwezi wa pili nilisikia kuna mama Ahero, mjane, anauza vitu vya marehemu mumewe aliyekuwa mpiga besi miaka ya sabini na themanini. Nikapanda matatu nikaenda. Mama alinikaribisha vizuri, akanipa chai, kisha akavuta kutoka chini ya kitanda kitu kilichofungwa kwa gunia la sukari. Nyuzi zimeota kutu, rangi imebabuka, kitufe kimoja cha sauti hakipo, na nyuma kuna herufi mbili zilizochongwa kwa ncha ya kisu. Kichwani jina la Fender limefifia. Nilipoligeuza nikaona bamba la chuma lenye F kubwa na skrubu nne, moyo ukanipiga paa, nikanyamaza. Mama akasema, "Nipe elfu kumi na tano, mwanangu, linakula nafasi tu." Nikaomba apunguze. Tukaafikiana elfu kumi na mbili, nikamtumia kwa M-Pesa palepale, akanisindikiza mpaka barabarani.

Nyumbani nilipolichomeka lilinguruma kama jenereta. Nikalegeza nyuzi, nikafungua shingo nione kuna nini, na kwenye kisigino cha shingo nikakuta mhuri wa wino: 5 JUN 66 C. Usiku huo sikulala. Limezaliwa tarehe tano Juni 1966, Mjomba! Ni kubwa kwangu kwa miaka mingi.

Sasa nimekwama. Kuna fundi wa samani karibu na soko la Kibuye, mikono yake ni dhahabu. Yuko tayari kuliparua lote kwa msasa na kulipuliza buluu ya ziwa, kisha nami niweke pikapu za kisasa na kung'oa freti, vile vyuma vyembamba vya shingoni vinavyotenganisha noti, maana gitaa lisilo navyo nimelitamani tangu ujana. Ananingoja Jumamosi ya wiki ijayo na nimeshampa arubuni ya elfu tatu. Mwenzangu wa bendi naye anasema nikifanya hivyo nimeua gitaa, afadhali niliuze ng'ambo nimalizie nyumba. Juu ya hayo, mke wangu nilimwambia limenigharimu elfu nne, na sasa ananitania: kwa elfu nne, mbona unalilinda kama mtoto mchanga?

Nilipake rangi, niliache, au niliuze?

Mpwa wako,
Mwalimu wa Kondele

*

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza kuhusu rangi, umeuliza kuhusu soko, umenung'unikia utani wa mkeo. Kuhusu yule mama wa Ahero hukuuliza kitu. Amebaki katikati ya barua na gunia lake la sukari tupu, na karibu naye umeandika neno moja dogo: nikanyamaza. Ukaenda mbele kidogo ukaandika jingine: nikaomba apunguze. Mtu akinunua asichokijua kisha mambo yakamwangukia, hiyo ni bahati yake na mimi ningempa mkono. Wewe ulijua, au ulikaribia sana kujua, na chai yake ulikuwa umeshainywa.

Kwa hiyo tuanze na simu. Mpigie fundi leo, usingoje Ijumaa, mwambie msasa aupeleke kwenye kitanda cha mtu mwingine. Elfu tatu yako haitapotea: akutengenezee sanduku la mbao, urefu wa ndani sentimita 120 hivi, lenye sponji na kitambaa laini. Gitaa la umri huo halifai kuning'inia ukutani Kondele likinywa unyevu wa ziwa. Ndani ya sanduku tupia vile vipakiti vyeupe vinavyokuja na viatu vipya, skrubu zitakushukuru.

Sasa gitaa lenyewe, maana najua ndiko macho yako yanakokimbilia. Mwalimu wa hisabati, umekosea kusoma namba. Ile 5 si tarehe. Kiwandani kwa Fender miaka hiyo namba ya mbele ilikuwa ya aina ya shingo, na 5 ni Precision Bass, aina moja ya besi zao. JUN 66 ni mwezi na mwaka. C ni upana wa shingo pale juu nyuzi zinapopita kwenye nati. Chukua rula upime, inapaswa kuwa kama milimita 44. Ukipata 38, una la kujiuliza. Na mhuri huo ni wa shingo peke yake. Bwana Leo Fender, mwenye kampuni, alipoitoa Precision mwaka 1951 aliifunga shingo kwa skrubu ili ikiharibika ibadilishwe, na skrubu hizohizo ndizo zilizowawezesha watu kuchukua shingo ya huku na mwili wa kule kwa miaka sabini. Miaka ya sabini Japani nayo ilitoa nakala nyingi zilizofanana mno na za Marekani, na jina la kichwani hubandikwa na yeyote mwenye subira. Kwa hiyo usianze kuhesabu matofali ya nyumba.

Bamba lenye F kubwa linakubaliana na mhuri, kwa sababu lilianza kutumika mwishoni mwa 1965. Hilo ni jema. Hatua inayofuata fungua lile plastiki la mbele, uangalie mgongo wa zile potenshiometa mbili zilizo chini ya vitufe. Kila moja ina namba iliyogongwa kwenye chuma. Ikianza na 137 ilitengenezwa na CTS, ikianza na 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Ukikuta 66 usiruke juu, maana kiwanda kilinunua shehena kubwa ya potenshiometa mwaka huo na zimekutwa ndani ya magitaa hadi ya 1969. Ukikuta 78 ndipo ujue mtu ameshaingia humo kabla yako. Piga picha za kila kitu: mhuri, bamba, namba, tundu la pikapu, madoa ya risasi ya kulehemu kwenye viungo vya waya. (Pikapu ya gitaa, msomaji, si ile ya kubeba makaa kutoka Narok. Hii ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele.)

Na ule mngurumo. Tangu 1957 pikapu ya Precision imegawanyika vipande viwili vinavyofutiana kelele, kwa hiyo ikinguruma kama jenereta, kosa haliko kwenye pikapu na huna haja ya kununua ya kisasa. Jaribu hivi: gusa nyuzi kwa kiganja. Kama mngurumo haubadiliki, kisha ukigusa chuma cha tundu la kuchomekea waya unapungua, basi ule waya mmoja unaopita chini ya daraja kwenda kwenye vitufe umekatika au umeoza. Tone moja la risasi ya kulehemu linamaliza kazi. Viungo vingine visiguswe. Kitufe kilichopotea weka chochote cha mia mbili. Siku cha asili kikipatikana utabadilisha.

Nilipokuwa kijana Nakuru nilipiga msasa besi ya Kijapani ya watu kwa sababu msichana fulani wa mtaa wa Section 58 alipenda rangi nyekundu. Nilipuliza rangi ya magari, ikaganda kama sufuria ya enameli, na sauti ikawa kama ya mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Msichana hakuja hata kwenye onyesho. Kwa gitaa kama lako hasara ni ya aina nyingine: wakusanyaji wa ng'ambo husema rangi mpya peke yake inakata thamani karibu nusu. Ukiongeza freti zilizong'olewa na pikapu zilizotupwa, unabaki na kuni zenye jina. Hata likiwa zima, la 1966 haliwi ghali kama la kabla ya shirika la utangazaji la CBS kuinunua kampuni ya Fender Januari 1965 kwa dola milioni 13. Wakusanyaji wamechora mstari hapo na hawaufuti. Lakini la 1966 lenye vipande vyake vyote bado linaongelewa kwa maelfu ya dola. Sasa zirudie zile elfu kumi na mbili zako, na elfu tatu ulizompunguzia mjane.

Najua utanijibu nini. Utaniambia mpiga besi Jaco Pastorius aling'oa freti za Jazz Bass yake ya 1962, besi nyingine ya Fender, na kuimwagia gundi ya maboti, na dunia nzima ikasimama kusikiliza. Utaniambia Jazz Bass ya 1977 ya mpiga besi mwingine, Marcus Miller, ilifunguliwa na fundi Roger Sadowsky akaitia umeme mpya, na sauti ile ndiyo mliyoifuata nyote mnaopiga kwa kidole gumba. Ni kweli, na siwalaumu. Lakini wakati wanayafanya hayo, magitaa yao yalikuwa ya kawaida tu, si ya makumbusho. Aliye na gitaa la miaka kumi anabadilisha chombo chake cha kazi. Aliye na la miaka sitini anabadilisha ushahidi. Tena ukitaka ucheke kidogo: Precision ilipewa jina hilo kwa sababu ya freti, ili mpigaji aliyezoea besi kubwa ya kusimama aache kubahatisha noti. Fender wenyewe walianza kuiuza bila freti mwaka 1970. Kiu yako basi si dhambi, ila umeielekeza kwenye shingo isiyo yake. Ile ya kijani ulikwisha kuiparua. Hiyo ing'oe freti, jaza mitaro kwa vipande vyembamba vya mbao nyeupe, pakaa gundi ya epoksi, ukosee unavyotaka. Huyo fundi wako wa Kibuye hapo atang'ara. Nitumie sauti ukimaliza.

Nirudi Ahero, nisije nikaonekana nimeponyoka kama wewe.

Watu watakucheka. Muuza mitumba yeyote atakwambia kilichonunuliwa kimenunuliwa, na kwa shati mimi nakubaliana naye. Mjane anayeuza vitu vya marehemu hauzi shati. Anauza asichokijua kwa mtu anayejifanya naye hajui. Usiku ule hukulala kwa sababu hiyo. Mwaka 1966 haujawahi kumkosesha mwalimu usingizi.

Nenda na mkeo. Usiende peke yako, na usiende na bahasha kana kwamba unarudi sokoni. Hapo ndipo ile elfu nne inapojimaliza yenyewe: huwezi kumpeleka mkeo akaisikie elfu kumi na mbili kutoka kinywani mwa mama mwingine, itabidi umwambie kabla hamjafika kituo cha matatu. Atakasirika. Elfu nane haitamuuma sana kama kuchekeshwa miezi yote hiyo kwa utani ambao wewe peke yako ulijua jibu lake. Mvumilie. Baadaye utamhitaji, maana mwanamke mwenzake atamsikiliza mama yule kwa namna ambayo wewe, mnunuzi, hutaweza.

Mkifika, kaeni kwanza. Mwonyeshe mama picha za mhuri na namba. Mweleze kwa lugha anayoielewa vizuri, na kama ni Kijaluo basi Kijaluo, kwamba siku ile ulishuku na hukusema. Neno hilo lazima litoke kinywani mwako, usilifunike kwa "nimekuja kugundua baadaye". Kisha mwambie mambo mengine yote, pamoja na mabaya: kwamba huenda mwili si wa shingo, kwamba wanunuzi hawako Kisumu wala Nairobi bali ng'ambo, kwamba kusafirisha kuna bima na ushuru, na kwamba kama ubao wa vidole ni ule mpingo mwekundu wa Brazili, kuuvusha mpaka kunahitaji kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwombe amwite mwanawe mkubwa asikilize. Usitaje bei mpaka mtu asiye wewe, anayeyajua magitaa haya na asiyetaka kulinunua, aziangalie picha.

Baada ya hapo uamuzi ni wake. Akilitaka, mrudishie, naye akurudishie elfu kumi na mbili akipata, hata kwa awamu. Akitaka liuzwe, mliuze pamoja na mgawane. Mimi ningempa yeye sehemu kubwa, wewe uchukue gharama na jasho lako, lakini hayo ni ya kuzungumzwa mbele ya mwanawe na kuandikwa kwenye karatasi, mkatia sahihi. Na akisema ubaki nalo, nalo linawezekana, wajane wengi wangependa chombo kipigwe kuliko kilale, basi kubalianeni nyongeza utakayolipa kila mwezi bila kuwanyima watoto wako karo. Ukinilazimisha kuchagua, nachagua hilo la tatu. Lakini mimi si mjane wa mtu.

Kuna sababu nyingine ya kwenda ambayo hata mwenzako wa bendi, mwenye macho ya dola, angeielewa. Thamani ya gitaa kuukuu nusu ni mbao na nusu ni habari zake. Ile Höfner yenye umbo la fidla aliyoinunua Paul McCartney wa Beatles huko Hamburg mwaka 1961 kwa takriban pauni 30 iliibwa mwaka 1972, ikarudi kwake baada ya zaidi ya miaka 50, imetolewa darini kwa watu. Duka lolote la zamani lingeweza kuwa na Höfner kama ile. Waliitafuta ileile kwa sababu ya mikono iliyoishika. Mzee wa Ahero hakuwa McCartney, lakini alipiga besi katika enzi ambazo Shirati Jazz na Victoria Jazz zilisikika kila baa kutoka Kisumu hadi Migori, na katika benga besi haijifichi nyuma ya ngoma. Gitaa la solo linaiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo, na nyuzi zake nane, besi inaruka chini yake kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Tazama pale juu ya pikapu: naamini utaona mbao imelika mahali kidole gumba chake kilipokuwa kikipumzika. Huyo fundi angepulizia buluu juu ya miaka yote hiyo kwa asubuhi moja.

Muulize mama kama kuna picha ya mzee akiwa nalo. Kama kuna santuri, tangazo la onyesho, stakabadhi ya duka, chochote. Ukiruhusiwa, zipige picha tu. Zenyewe zibaki kabatini kwake. Muulize mzee alilinunua wapi na kwa pesa gani. Nina hakika kuna ng'ombe ndani ya hadithi hiyo.

Tena lipeleke gitaa lenyewe, baada ya kuunganisha ule waya. Weka nyuzi mpya, zile laini zisizo na mikwaruzo, maana ndizo zilizopigwa zamani na hazitakula freti kuukuu. Chukua spika ndogo ya betri. Mpigie kitu anachokijua.

Na zile herufi mbili za nyuma, muulize ni za nani. Wewe umechukulia ni za mumewe.

Mjomba